Wewe ni wa Nani? Kipande, Kitambulisho na Wale Wasio Navyo

Leo sitaandika kuhusu seva wala simu mpya. Nataka kuandika kuhusu mstari mmoja wa msimbo ambao niliuandika mwenyewe, na ambao ulinirudisha nyuma miaka zaidi ya mia moja. Jitayarishie chai, maana makala haya ni marefu kidogo.

Mwaka juzi nilitengeneza programu ya kusajili wakulima wadogo waliokuwa wakipewa mbegu na mbolea kwa mkopo. Fomu yenyewe ilikuwa rahisi: jina, kijiji, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho. Hiyo ya mwisho niliiwekea masharti mawili. Kwanza, isiachwe wazi. Pili, isijirudie. Yeyote aliyesomea hifadhidata anaelewa sababu: majina yanafanana na simu hubadilishwa, kwa hivyo unatafuta kitu kimoja kisichofanana cha kumfungia mtu. Hapa Kenya kitu hicho ni nambari ya kitambulisho. Sikufikiria mara mbili.

Wiki ya kwanza, kijana aliyekuwa akisajili watu huko mashambani akanipigia simu. "Bosi, kuna mama mzee hapa hana kitambulisho. Niweke nini?" Nilikuwa na haraka. Nikamwambia aweke sufuri nane, tutarekebisha baadaye. Akaweka, ikakubali.

Alasiri akapiga tena. "Kuna mzee mwingine hana. Nimeweka sufuri nane, lakini mashine inasema mtu huyu tayari amesajiliwa."

Nilicheka, nakiri. Nikamwambia asubiri, nitaangalia kesho. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingine. Mbegu ziligawanywa Ijumaa. Yule mama alipata. Yule mzee aliambiwa kwamba tayari amepewa, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa macho ya programu yangu, yeye na yule mama walikuwa mtu mmoja.

Nilipomsimulia nyanya yangu kisa hicho hakucheka. Aliniuliza, "Kwani bila kipande mtu halimi?"

Nyanya hajawahi kukiita kitambulisho. Kwake ni kipande, na si yeye peke yake, kwani hata vijana wa rika langu bado husema hivyo. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kujua linatoka wapi. Basi nikaanza kusoma.

Kipande cha kwanza kilitokana na Sheria ya Kuwasajili Wenyeji ya mwaka wa 1915. Nchi ilikuwa bado haijaitwa Koloni la Kenya. Jina hilo lilikuja 1920. Vita Vikuu vya Kwanza vilichelewesha utekelezaji, ikabidi usubiri hadi vita vilipokwisha. Baada ya hapo kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kujiandikisha na kutembea na karatasi yake. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Wazee walioishi wakati huo walikifananisha na kengele ya mbuzi, na ukiziangalia picha za zamani unaelewa kwa nini.

Sasa tuiangalie karatasi hiyo jinsi mtengenezaji programu angeiangalia, yaani tuulize ilikuwa na safu zipi. Kulikuwa na jina, wilaya, kabila na alama za vidole. Hadi hapo ni kumbukumbu ya mtu. Lakini sehemu kubwa iliyobaki haikumhusu mwenyewe, ilimhusu mwajiri: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuachishwa, sahihi ya mwajiri.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu zote. Bila sahihi ya kukuachilia, ulihesabika kuwa bado uko kwa mwajiri wako wa zamani. Hukuruhusiwa kuajiriwa kwingine, na ukiondoka umetoroka, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Si kuvunja mkataba kama leo, ambapo mwajiri anaweza kukushtaki kwa hasara aliyopata. Ulitafutwa na polisi, ukakamatwa, ukatozwa faini au ukafungwa. Safu ya mshahara nayo ilikuwa na kazi yake: mwajiri mpya alisoma ulilipwa ngapi kule ulikotoka, na hakuwa na sababu ya kukupa zaidi ya hapo.

Kwa nini walikihitaji? Walowezi walikuwa wamepewa ardhi kubwa, na ardhi bila wafanyakazi ni pori tu. Kodi ya nyumba iliwalazimisha watu kutafuta pesa, lakini haikuweza kuwazuia kuhama kutoka kwa tajiri mbaya kwenda kwa tajiri afadhali. Kipande ndicho kilichowazuia. Tajiri aliripoti kwamba mtu wake ametoroka, ofisi ya usajili iliyokuwa Nairobi ikatafuta kumbukumbu, na taarifa ikapelekwa wilayani.

Hapo ndipo alama za vidole zilipoingia, na hapa wenzangu wa tarakilishi mtapata kitu cha kufurahia kabla hamjahuzunika. Mtu anaweza kukitupa kikebe mtoni na kujiandikisha kwa jina jingine katika wilaya nyingine, ila vidole hawezi kuvitupa. Lakini alama za vidole zina shida moja: utazipangaje? Ukiwa na karatasi laki moja kabatini na mtu mmoja mbele yako, huwezi kulinganisha moja moja.

Jibu lilipatikana Bengal, India, katika miaka ya 1890. Afisa wa polisi Edward Henry ndiye aliyepata sifa, lakini hesabu yenyewe ilifanywa na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Walivigawa vidole kumi katika jozi tano. Jozi ya kwanza walipa thamani ya 16, ya pili 8, kisha 4, 2 na 1. Kidole chenye alama ya kuzunguka kama konokono kinahesabiwa. Kisicho nayo kinapata sufuri. Unapata nambari mbili, kila moja ikiwa kati ya sufuri na 31, unaongeza moja kwa kila upande, na unajua uende kwenye kijumba kipi kati ya vijumba 32 mara 32. Hiyo ni 1,024.

Mmeiona? Ni mfumo wa sufuri na moja. Ni biti kumi! Nilipoelewa hivyo niliinuka kitini. Miaka mingi kabla ya kompyuta, watu walikuwa wakiutafsiri mwili wa binadamu kuwa nambari ili wautafute upesi kabatini. Ofisi ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Calcutta mwaka wa 1897, polisi wa London wakaanza kuutumia mfumo huo 1901, na elimu hiyo ikaenea katika himaya yote ya Uingereza.

Kwa hivyo tukiambiwa kwamba alama za vidole ni teknolojia mpya iliyokuja Kenya kutusaidia, tukumbuke kwamba zilifika hapa karne iliyopita, na kazi yake ya kwanza haikuwa kumhudumia mtu. Ilikuwa kumkamata aliyetoroka. Swali la hifadhidata ile halikuwa "wewe ni nani?" Lilikuwa "wewe ni wa nani?"

Watu walilielewa swali hilo mara moja, na wakalikataa. Mwaka wa 1921 Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, alianzisha chama kilichokuja kuitwa East African Association. Malalamiko yalikuwa kodi, kupunguzwa kwa mishahara, kazi ya kulazimishwa kwa wanawake na wasichana, na kipande. Tafadhali angalieni kazi ya mtu huyu. Alikaa kwenye mtambo ulioiunganisha serikali na sehemu zake. Leo tungesema alikuwa mtu wa mitandao.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe. Mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, akasonga mbele. Polisi walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Mimi nilisoma sayansi ya kompyuta hapo Nairobi, na kwa miaka minne nilipita barabara inayoitwa Harry Thuku karibu kila siku, nikiwa na kitambulisho mfukoni. Hakuna somo hata moja lililoniambia kwamba watu walikufa hatua chache kutoka pale, na kwamba mojawapo ya sababu ilikuwa hifadhidata.

Kipande kiliendelea kuvaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya siku ile. Mwaka wa 1947 ilikuja sheria nyingine ya usajili, na safari hii iliwahusu wanaume wa rangi zote. Walowezi wengi walikasirika. Kuchukuliwa alama za vidole kama wahalifu! Walichokiona kuwa kitu cha kawaida kwa wengine kwa miaka mingi kilikuwa tusi kilipofika mlangoni kwao. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka wa 1952, na karatasi zikawa na meno makali zaidi. Katika Operesheni Anvil iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, jiji la Nairobi lilizingirwa, watu wakapangwa foleni na kukaguliwa karatasi zao, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kizuizini. Karatasi uliyobeba iliamua kama utalala nyumbani au nyuma ya seng'enge.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Sheria ilikuwa ya wanaume. Wanawake hawakuingizwa katika usajili huo hadi 1978, miaka kumi na mitano baada ya Uhuru. Hebu fikiria. Karibu nusu ya watu wazima wa nchi hii waliishi bila kitambulisho, wakalima, wakauza sokoni, wakazaa na kuzika. Nyanya yangu alipata chake mwaka wa 1979 akiwa tayari mama wa watoto sita. Karani alimuuliza alizaliwa lini. Akajibu, "Wakati wa nzige." Karani akaandika mwaka aliouona unafaa, na hadi leo huo ndio umri wa nyanya.

Ndiyo maana aliniuliza lile swali. Yeye amewahi kuwa mtu asiye na karatasi, na anajua kwamba hakupungukiwa na chochote.

Kuna wenzangu katika kazi hii ambao hupenda kusema wamechoka kufuatiliwa. Wangependa kufuta kila kitu, watupe simu, wakaishi mlimani bila nambari yoyote. Nawaelewa. Lakini nyanya aliweza kuishi hivyo kwa sababu milango haikuwa imewekwa kufuli. Waliobadilika si watu, ni milango. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na kutoa pesa kulitaka kitambulisho. Mwisho wa 2012 laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa zilianza kuzimwa. Leo huwezi kusajili laini, kufungua akaunti ya benki wala kupata hatimiliki ya shamba kwa jina lako bila nambari ile. Hata kuingia jengo la ofisi mjini, bawabu anakitaka. Mtu aliyeachwa nje mwaka wa 1975 aliachwa nje ya ofisi ya serikali. Anayeachwa nje leo ameachwa nje ya karibu kila kitu.

Na wanaoachwa nje ni akina nani? Hapa swali la zamani linarudi likiwa limevaa nguo mpya. Ili upate kitambulisho unatakiwa kuonyesha vitambulisho vya wazazi wako. Ili wao wavipate, ilibidi waonyeshe vya wazazi wao. Sisi tunaoandika programu tunaijua kazi inayojiita yenyewe, na tunajua kwamba ikikosa pahali pa kuanzia haitafika mwisho. Kama babu yako hakuandikwa, wewe utaandikwaje? Wewe ni wa nani?

Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Wakazaa watoto na wajukuu huko Kwale, na wajukuu hao wakawa hawana nchi, kwa sababu orodha ya makabila haikuwa na jina lao. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya kwenda Nairobi kumwona Rais, sehemu ya njia wakiikata kwa miguu. Walikubaliwa, wakaitwa kabila la 43, wakaanza kupewa vitambulisho. Washona walioletwa na kanisa kutoka Zimbabwe walitangaziwa uraia mwezi wa Desemba 2020, na Wapemba mwezi wa Julai 2023. Wanubi wa Kibra, ambao mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza, walipeleka kesi ya watoto wao hadi kwa kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, nao wakashinda tarehe 22 Machi 2011.

Kaskazini mwa nchi kuna kisa ambacho mtengenezaji hifadhidata hawezi kukisoma akalala vizuri. Ukame ulipowabana, baadhi ya Wakenya Wasomali waliokuwa na njaa waliwaandikisha watoto wao katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kwa sababu huko kulikuwa na chakula. Mtoto akachukuliwa alama za vidole. Miaka ikapita, akafikisha 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi aliyozaliwa. Mashine ikavisoma vidole vyake na kujibu: huyu ni mkimbizi. Wengi walikwama hapo kwa miaka. Jamii hiyohiyo ilikuwa imepitishwa kwenye msako wa mwaka wa 1989, ambapo Wakenya Wasomali walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi maalum ya rangi ya waridi ambayo wengine hawakuitiwa. Ukaguzi wa ziada kwa waombaji wa kaunti za mipakani ulitangazwa kufutwa Februari 2025.

Nilipofika hapo nikafunga kipakatalishi. Mashine ya Dadaab ilifanya kosa lilelile nililofanya mimi. Ilipata nambari inayojirudia, ikahitimisha kwamba mtu ndiye mwenye hitilafu.

Sisemi kitambulisho ni kitu kibaya. Wamakonde hawakuiacha Kwale wakafunga safari ndefu namna ile kwa sababu ya kitu kisicho na maana. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 12 inasema hati ya utambulisho ni haki ya kila raia, na hapo ndipo tofauti iko. Kipande kilikuwa amri ya tajiri. Kitambulisho ni haki ya mwenyewe. Lakini karatasi moja inaweza kubadilishwa maana yake na sheria, halafu mazoea ya ofisini yakabaki yaleyale. Mwaka wa 2019 tulipanga foleni kwa ajili ya Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, ikataka kwanza kuwe na sheria kamili ya kuisimamia. Tarehe 14 Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi zake ulikuwa kinyume cha sheria kwa kutokaguliwa kwanza madhara yake kwa faragha za watu. Mwishoni mwa 2023 ikaja Maisha Namba. Majina yanabadilika. Mimi ninaangalia safu: ni ipi inayolazimishwa, na anayeikosa anapelekwa wapi?

Nirudi kwenye programu yangu. Niliirekebisha. Sasa kila mkulima hupewa nambari ya kikundi chenyewe, na kitambulisho kinaweza kuachwa wazi. Asiye nacho anadhaminiwa na majirani wawili wanaomjua. Ilinichukua chini ya saa mbili. Saa mbili tu, ambazo siku ile niliziona nyingi mno.

Nilimtafuta yule mzee kupitia kijana wetu nimwombe radhi. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili, kisha akaniambia kwamba msimu ule alipanda mbegu za kuazima, zikachelewa, na mvua ikamwacha. Nikamuuliza kwa nini hana kitambulisho. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikulia shambani kwa watu. Baba alikuwa na kipande, na siku alipoondoka pale alikitupa. Mimi sikupata cha kuonyesha."

Baba alikitupa ili asiwe wa mtu. Mwana akakosa mbegu kwa sababu hakuandikwa kuwa wa mtu.

Kama unaandika fomu wiki hii, kabla hujailazimisha ile safu, mfikirie anayesimama mbele ya mashine bila ya kuandika chochote. Na kama una nyanya au babu ambaye bado yupo, muulize kuhusu kile kikebe. Usiahirishe, kwa sababu hayo hayako katika hifadhidata yoyote.